Kufikisha mzigo kwa wakati: namba inapopingana na hali halisi

Kanuni yenyewe haina ugumu: chukua oda zilizofika kwa wakati, gawa kwa oda zote zilizotakiwa kufika, zidisha kwa 100. Ugomvi huanza pale idara ya mauzo, stoo na mteja wanapokuja na majibu matatu tofauti kwa mwezi mmoja. Mara nyingi hakuna aliyedanganya. Kila mmoja ameamua peke yake mambo manne: ahadi ni tarehe ipi, kufika ni tukio lipi, kinachohesabiwa ni nini, na kuwahi au kuchelewa kwa kiasi gani kunakubalika. Kwa hiyo usimfokee msimamizi wa uzalishaji wala usimbadilishe msafirishaji kabla hujajua kama kasoro iko kwenye kazi au kwenye kipimo.

Anza na sampuli. Toa kwenye mfumo mistari 30 ya oda za mwezi uliopita (mstari ni bidhaa moja ndani ya oda, pamoja na idadi yake), ichaguliwe bila kupendelea ile iliyoleta kelele. Kwa kila mstari andika tarehe aliyoomba mteja, tarehe ya kwanza mliyomthibitishia, tarehe iliyopo kwenye mfumo leo, siku mzigo ulipotoka getini, siku ulipofika kwa mujibu wa hati iliyosainiwa na mpokeaji, idadi iliyoagizwa na idadi iliyopokelewa. Kama tarehe ya kwanza haipatikani kwa sababu mfumo huifuta kila inapobadilishwa, simama hapo hapo: bila tarehe hiyo huwezi kujua kama mnatimiza ahadi, hata ripoti iwe nzuri namna gani.

Dalili: kiwandani mnasema 100, mteja anasema sifuri

Tuchukue oda moja yenye mistari mitatu: beringi 200, boliti 1,000 na gaski 500. Mteja aliomba vyote vifike tarehe 10 Juni. Mkamthibitishia tarehe 14. Beringi zote, boliti zote na gaski 450 zilitoka getini tarehe 13 zikafika tarehe 14. Gaski 50 zilikwama. Mtu wa mauzo akasogeza tarehe ya oda kwenye mfumo hadi 19, nazo zikatoka siku hiyo na kufika tarehe 20.

Ukihesabu vipande kwa tarehe 14 na siku ya kufika, unapata 1,650 kati ya 1,700, yaani asilimia 97.1. Ukihesabu mistari, ni 2 kati ya 3, asilimia 66.7. Ukihesabu oda nzima, ni sifuri. Ukitumia tarehe aliyoomba mteja, ni sifuri kwa namna zote tatu. Na ukitumia tarehe ya mwisho iliyo kwenye mfumo pamoja na siku ya kutoka getini, ni asilimia 100 kamili. Mteja ambaye mashine yake ilisimama kwa kukosa gaski 50 hatakuelewa ukimwonyesha hiyo 97, wala hana sababu ya kukuelewa.

Sababu ya kwanza ya kuangalia ni tarehe. Tarehe ya kwanza mliyothibitisha hupima kama mnashika neno lenu. Tarehe aliyoomba mteja hupima kama uwezo wenu unalingana na mahitaji yake. Tarehe ya mwisho kwenye mfumo inafaa kupangia malori tu. Isitumike kutoa alama. Hali ya kipekee ni moja: mteja mwenyewe akiomba kusogeza, tarehe mpya inakuwa ahadi, mradi ombi lake lipo kwa maandishi. Ripoti iwe na namba mbili za kwanza, bega kwa bega. Ikiwa mnashika ahadi kwa asilimia 95 lakini mnakidhi maombi kwa asilimia 60 tu, watu wa kiwandani wanafanya walichoahidi. Tatizo liko kwenye muda mnaoahidi, uwezo wa mashine au akiba ya bidhaa, na kuwasukuma wafanyakazi hakutaliondoa.

Sababu ya pili ni tukio, na hapa masharti ya mauzo ndiyo yanayoamua. Kwa Incoterms 2020, yaani kanuni za kimataifa za masharti ya mauzo, mkiuza kwa FCA mnatimiza wajibu mnapomkabidhi mzigo msafirishaji aliyeteuliwa na mnunuzi, hivyo kupima siku ya makabidhiano hayo ni haki. Mkiuza kwa DAP, mzigo unatakiwa uwe umefika mahali palipotajwa, tayari kushushwa. Kupima siku ya kutoka getini kwenu ni kujipa alama ambazo hamjazipata. Sharti linalowachanganya wengi ni CIF: muuzaji analipa nauli na bima hadi bandari ya mwisho, lakini hatari huhamia kwa mnunuzi mzigo unapopakiwa melini bandari ya kuanzia. Kama oda inasema "kufika tarehe 30" na mauzo ni ya CIF, kaeni na mteja muandike wazi tarehe hiyo ni ya kupakia au ya meli kutia nanga. Sharti la mauzo peke yake halijibu swali hilo.

Sababu ya tatu ni kinachohesabiwa. Kwa kazi ya ndani, mstari wa oda ndio kipimo kinachosaidia zaidi, kwa sababu unaonyesha ni bidhaa gani na kituo gani kina shida. Hesabu mstari kuwa umefaulu pale tu idadi yote ilipofika kwa wakati. Kwa mteja anayehitaji vitu vyote pamoja ndipo aanze kazi, ongeza hesabu ya oda nzima, na uwe tayari kwa namba inayoshtua: oda yenye mistari 10, kila mmoja ukiwa na nafasi ya asilimia 95 na kila mmoja ukijitegemea, hukamilika kwa wakati mara 60 tu katika 100.

Kosa linalojirudia hapa ni kuzidisha. Mtu anachukua "kwa wakati" asilimia 96 na "idadi kamili" asilimia 95, anazidisha, anapata 91.2 na kuiita "kwa wakati na kamili". Hesabu hiyo ni sahihi tu kama kuchelewa na kupungua havihusiani. Kiwandani huhusiana sana, kwani mstari uliokosa malighafi huchelewa na hupungua kwa pamoja. Hesabu mstari kwa mstari, usizidishe.

Sababu ya nne ni dirisha la kuvumilia. Siku tatu kabla na sifuri baada si sawa na siku moja kabla na moja baada. Liandikwe kwenye makubaliano, na liseme ni siku za kazi za nani: za kwenu au za mteja.

Dalili: mzigo ulifika siku yenyewe, ripoti inasema umechelewa siku moja

Kabla ya kumlaumu mtu, fungua Excel. Fomula ya NETWORKDAYS huhesabu siku ya kwanza na ya mwisho zote mbili. Ahadi ikiwa Jumatano na mzigo ukafika Jumatano ile ile, inarudisha 1, wala si 0. Ukifika siku moja ya kazi kabla, inarudisha -2. Toa 1 kwenye jibu lililo chanya, na ongeza 1 kwenye lililo hasi. Hakikisha pia umeiwekea orodha ya sikukuu. Usipoiwekea, itaondoa Jumamosi na Jumapili tu.

Kasoro ya pili iko kwenye saa. Tarehe ya ahadi huhifadhiwa bila saa, maana yake saa sita usiku siku inapoanza. Tarehe ya kupokea huja na saa, mfano saa 9:20 alasiri. Kwa kompyuta, ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza, kwa hiyo mzigo umechelewa. Kata saa kwa fomula ya INT kabla ya kulinganisha, isipokuwa pale ambapo mmekubaliana saa maalumu ya kushusha.

Kama hesabu iko sawa, nenda stoo. Chukua mapokezi 30 na ulinganishe daftari la getini na tarehe iliyoingizwa kwenye mfumo. Lori linaingia saa 10 jioni, linashushwa, hati inawekwa mezani, mtunza stoo wa shifti ya asubuhi anaiingiza kesho yake. Kwingine mzigo hauingizwi hadi wakaguzi wa ubora waupitishe, na ukaguzi huchukua siku mbili au tatu ambazo zinaandikwa kwenye jina la mgavi, yaani aliyewauzia malighafi. Ukiona "ucheleweshaji" umejaa siku ya kwanza ya wiki au mara baada ya sikukuu, karibu hakika ni uingizaji wa taarifa. Dawa yake ni kutenganisha tarehe mbili kwenye mfumo: ya kufika getini, inayomhusu mgavi na msafirishaji, na ya kuwa tayari kutumika, inayowahusu ninyi. Dereva apigiwe mhuri wenye tarehe na saa kwenye nakala yake anapoingia, kabla ya kupanga foleni ya kushusha.

Dalili: asilimia ni nzuri, malalamiko yanaongezeka

Hapa tazama asili ya sehemu, yaani namba ya chini. Ripoti nyingi hugawa kwa mizigo *iliyotoka* mwezi huo. Tuseme mistari 100 ilitakiwa kufika mwezi huu. 80 imefika, 76 kati yake kwa wakati, na 20 bado haijatengenezwa. Ripoti inasema 76 kwa 80, asilimia 95. Ukweli ni 76 kwa 100. Ile 20 haionekani popote, na itakapofika mwezi ujao itaharibu namba za mwezi mwingine.

Rekebisha kwa kupanga mistari kwa mwezi wa ahadi, si mwezi wa kutoka. Mstari ambao siku yake imepita na haujafika uhesabiwe umechelewa tangu siku hiyo, hata kama hakuna tarehe ya kupokea. Kwenye mfumo, safu tupu ya "tarehe ya kufika" ndiyo inayosababisha mistari hii kuchujwa kimyakimya, kwa hiyo kagua vichujio vya ripoti kwa macho yako mwenyewe.

Kuna madhara mabaya zaidi yanayofuata kipimo cha ndiyo au hapana. Oda ikishachelewa, haiwezi tena kuongeza alama. Msimamizi anayepimwa kwa asilimia peke yake ataiweka pembeni na kuhangaikia ile ambayo bado inaweza kuwahi. Mteja aliyecheleweshwa siku 2 anajikuta anasubiri siku 25, na kila mtu kiwandani amefanya kazi kama alivyopimwa. Ndiyo maana asilimia isitembee peke yake. Iandamane na orodha ya mistari iliyopitiliza, kwa mafungu: siku 1 hadi 2, 3 hadi 5, 6 hadi 10, na zaidi ya 10. Fungu la mwisho lisomwe mstari kwa mstari kila asubuhi, na kila mstari uwe na jina la mtu na tarehe mpya.

Dalili: namba hupanda ghafla siku za mwisho za mwezi

Shuku kusogezwa kwa tarehe. Toa kumbukumbu ya mabadiliko na uhesabu mistari iliyobadilishiwa tarehe ya ahadi ndani ya siku 5 kabla ya siku yenyewe, au baada ya siku kupita. Kisha hesabu upya asilimia kwa tarehe ya kwanza. Tofauti kati ya namba hizo mbili ndiyo ukubwa wa tatizo.

Funga safu ya tarehe ya kwanza isiweze kuandikwa tena mara oda inapothibitishwa. Mabadiliko yaende kwenye safu nyingine, yakiwa na sababu na jina la aliyeomba. Usifanye hili kuwa msako wa wakosaji, maana anayesogeza tarehe mara nyingi anajaribu kumpa mteja taarifa ya kweli kuhusu lini mzigo utafika, na taarifa hiyo inahitajika. Kosa ni mfumo kutumia safu moja kwa kazi mbili.

Dalili: wiki moja 98, inayofuata 91, kikao kinaitishwa kila mara

Huenda hakuna kilichobadilika. Kama kiwango chenu cha kawaida ni asilimia 95 na mnafikisha mistari 40 kwa wiki, bahati peke yake inaweza kuishusha namba hadi karibu 85 bila sababu yoyote mpya. Kanuni ni ile ya chati za udhibiti, zinazotenganisha bahati na badiliko la kweli, alizozianzisha mhandisi Mmarekani Walter Shewhart mwaka 1924: zidisha 0.95 kwa 0.05, gawa kwa idadi ya mistari, tafuta kipeuo cha pili, zidisha kwa 3, kisha kwa 100 ili upate asilimia, na utoe jibu kwenye 95. Kwa mistari 40 unapata takriban 10.3, kwa mistari 200 unapata takriban 4.6, yaani mpaka wa chini ni 90.4. Kwa mgavi anayeleta mistari 5 kwa mwezi, asilimia ya mwezi haina maana. Tumia jumla ya miezi 12 inayosogea, au orodhesha tu mistari iliyochelewa na kwa siku ngapi. Kikao kiitishwe namba ikivuka mpaka, au ikikaa chini ya wastani kwa wiki 8 mfululizo.

Dalili: kila mgavi ana asilimia 98, laini ya uzalishaji inasimama

Bidhaa inayohitaji vipuri 20, kila kimoja kikiwa na nafasi ya asilimia 98 ya kuwepo siku ya kuunganisha, itakuwa na vipuri vyote mara 67 katika 100. Vikiwa 30, ni mara 55. Wastani wa wagavi hauonyeshi hili. Pima "seti kamili": kati ya oda za kuunganisha zilizopangwa wiki hii, ngapi zilikuwa na kila kipuri stoo asubuhi ya kuanza? Halafu orodhesha vipuri vilivyozuia, kwa idadi ya mara. Mara nyingi utakuta vipuri vichache vya bei ndogo, kama gaski, lebo au skrubu maalumu, ndivyo vinavyosimamisha kazi ya thamani kubwa. Hivyo ndivyo vya kuwekewa akiba kubwa, kwa sababu kuvihifadhi hakugharimu sana.

Kagua pia kama asilimia 98 imejaa mizigo iliyowahi mno. Anayeleta wiki mbili kabla anahesabiwa amefaulu, huku stoo ikijaa, fedha zikilala na foleni ya kushusha ikizuia lori lenye kipuri kinachosubiriwa. Kuwahi nje ya dirisha kuhesabiwe kando, kusichanganywe na kuchelewa. Matatizo haya mawili hayatibiwi kwa njia moja.

Dalili: kiwango kiko juu na gharama za usafirishaji zinapanda

Mnanunua uwahi. Mzigo uliochelewa kiwandani siku nne unapandishwa ndege na ripoti inabaki kijani. Kiwango cha IATF 16949 cha sekta ya magari kinataka, katika kufuatilia wagavi, ihesabiwe mara ngapi usafirishaji wa gharama ya ziada umetumika, na ni busara kwa sekta yoyote kufanya hivyo. Weka safu moja tu: je, mstari huu ulisafirishwa kwa njia iliyopangwa? Asilimia ya "kwa wakati kwa njia ya kawaida" ndiyo inayoonyesha afya ya kiwanda.

Dalili: kipimo kimenyooka, na kiwango bado ni cha chini

Sasa ni kazi yenyewe. Anza na hesabu moja kabla ya kugusa chochote: gawa idadi ya oda zilizo wazi kiwandani kwa idadi mnazokamilisha kwa siku. Oda 600 kwa 40 ni siku 15, kwa wastani. Kama mauzo wanaahidi siku 10, oda nyingi zitachelewa, na saa za ziada za wiki moja hazitabadilisha kitu. Ama mpunguze oda zilizofunguliwa, kwa kutoachia mpya kiwandani hadi za zamani zitoke, ama muongeze uwezo wa kituo kinachobana, ama muahidi muda wa kweli.

Muda wa kweli si wastani. Ukiahidi wastani, takriban nusu ya oda zitachelewa hata siku ambayo kila kitu kinakwenda vizuri. Chukua muda uliotumika kwa oda zote zilizokamilika ndani ya siku 90, zipange kutoka fupi hadi ndefu, na uende kwenye nafasi ya 95 katika kila 100. Kwa oda 200, ni ile ya 190 kwenye orodha. Ikiwa wastani ni siku 12 na ya 190 ni siku 21, umeona pengo la kufanyia kazi, nalo linatokana na kuyumba: mashine kuharibika, malighafi kukosa, oda za dharura kuruka foleni. Fanya hesabu hii kwa kila kundi la bidhaa, kwani bidhaa inayotoka stoo na ile inayotengenezwa kwa agizo zikichanganywa zinatoa namba isiyofaa kwa yoyote kati ya hizo mbili.

Kisha weka misimbo ya sababu, isizidi 10, kila mmoja ukielekeza kwa idara moja: malighafi kukosa, mashine, ubora, upangaji, uwezo, hati, msafirishaji, mteja kutopokea. Sababu iandikwe siku mstari unapochelewa, na aliye karibu na tukio. Ikiandikwa mwisho wa mwezi, itakuwa ni kumbukumbu ya kukisia. Msimbo wa "mengineyo" ukizidi asilimia 10 ya mistari yote iliyochelewa, misimbo haijakaa sawa au watu hawana muda wa kuijaza. Na "msafirishaji" ukiongoza orodha, pima kabla ya kuamini: linganisha saa mzigo ulipotakiwa kupakiwa na saa lori lilipotoka getini. Lori lililopangiwa saa 8 mchana na likatoka saa 1 usiku kwa sababu paleti za mwisho zilikuwa bado zinafungwa halijacheleweshwa na dereva.